"Ukiolewa, Utanirudisha?"

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 39 na sijaolewa. Mwaka jana, baada ya kukaguliwa na maofisa wa ustawi wa jamii, nilikabidhiwa binti wa miaka 6 kwa nia ya kumuasili. Alikuwa amelelewa kituoni tangu akiwa mchanga. Kanisani wengi walifurahi pamoja nami, ila mama mmoja ninayemheshimu sana aliniambia nimemtangulia Mungu kama Sara, kwamba nimejipatia Ishmaeli wangu na mlango wa ndoa nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Neno lile limenikaa rohoni. Jambo jingine, zamani nilikuwa naamka alfajiri kusali. Siku hizi nasinzia na Biblia mkononi pembeni ya kitanda chake. Paulo anasema asiyeolewa hujishughulisha na mambo ya Bwana, mimi najishughulisha na sare na daftari za shule. Juzi usiku nilipokuwa namfunika shuka aliniuliza, "Mama, ukiolewa utanirudisha?" Nikamwambia alale. Je, nilikosea kumchukua? Na nimjibu nini?

JIBU: Amina, dada yangu. Naanza na swali la mtoto, maana yeye ndiye anayesubiri.

Usingoje aulize tena. Leo usiku kaa palepale ulipokaa juzi, umwambie: "Uliniuliza kama nikiolewa nitakurudisha, nami sikukujibu. Jibu ni hapana. Nikiolewa wewe ni mwanangu, nisipoolewa wewe ni mwanangu." Ishia hapo, usiongeze mahubiri. Hujaniambia kama mahakama imeshatoa amri. Kama bado, ahidi kilicho mikononi mwako, yaani kwamba wewe hutamrudisha. Mambo ya hakimu mwachie hakimu. Kisha jiandae kuulizwa tena, na safari nyingine bila maneno. Atamwaga maji makusudi huku anakutazama usoni. Ataficha kipande cha mkate chini ya mto, ingawa kabatini mkate upo. Atakwambia wewe si mama yake, siku ile uliyochoka kuliko zote. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja hujaribu sakafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga, na atairudia miaka. Kila safari mpe jibu lile lile, kwa sauti ile ile.

Sasa nije kwako. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona wewe na binti yako mna swali moja. Yeye anaogopa kurudishwa kituoni. Wewe unaogopa kwamba Mungu amekuona umetoka kwenye mstari na sasa anakuacha ule matunda ya haraka yako. Kwa hofu hiyo Paulo aliandika Warumi 8:15, kwamba hatukupewa roho ya utumwa iletayo hofu, bali "roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba." Maneno haya "kufanywa wana" ni neno moja la Kigiriki, huiothesia, nalo ni neno la kuasili. Katika Agano Jipya lipo mara 5, zote katika barua za Paulo. Wasomaji wake walilijua kutoka mahakamani. Kwa sheria ya Kirumi aliyeasiliwa alitoka katika mamlaka ya baba wa kwanza, akachukua jina la baba mpya, akawa mrithi sawasawa na aliyezaliwa mle nyumbani. Hakuwa mgeni wa kutazamiwa tabia kwanza. Kwa hiyo Mungu alipotaka tujue tumekuwa nani kwake, alichukua tendo lile lile unalolifanya wewe. Je, kweli atalitumia kutueleza wokovu, kisha akuone wewe mkosaji kwa kulitenda?

Katika sheria ile ile ya Kirumi mwanamke hakuweza kuasili, kwa kuwa kuasili kulimweka mtoto chini ya mamlaka ya baba, na mamlaka hayo mwanamke hakuwa nayo. Mwaka 291 Kaisari Diokletiano alimruhusu mwanamke mmoja kuasili, akieleza kwamba ni faraja kwa kuwa watoto wake walikuwa wamekufa. Namhurumia yule mama hata leo. Ila lile neno faraja ndilo nataka ulipime moyoni mwako mbele za Bwana. Mtoto huleta furaha, na si dhambi kufurahi. Hata hivyo hakuletwa kwako awe dawa ya upweke wako, wala badala ya mume, wala ushahidi kwa washirika kwamba maisha yako hayakupotea bure. Huo ni mzigo wa mtu mzima, usimtwike mtoto wa miaka 6. Ukikuta moyoni kuna kitu cha namna hiyo, usikimbie. Kipeleke kwa Bwana, na ukizungumze na rafiki aliyekomaa. Sidhani yupo mzazi, wa kuzaa au wa kuasili, asiye na kidogo cha hayo.

Kuhusu Ishmaeli nitasema zaidi kidogo, kwa sababu andiko limetumika vibaya na limeumiza watu wawili. Soma Mwanzo 16 polepole. Kosa la nyumba ile halikuwa kwamba mwanamke alimpenda mtoto asiyemzaa. Ibrahimu na Sara walimtumia Hagari, mjakazi asiye na sauti, kujipatia walichoahidiwa, na alipochukua mimba Sara akamtesa hata akakimbia. Baadaye, katika sura ya 21, mama na mtoto walifukuzwa na mkate na kiriba cha maji. Wewe hukumtumia mtu. Hukumfukuza mtu. Umefungua mlango kwa mtoto ambaye wengine walikwisha kumtoa nje, na hilo ni kinyume kabisa cha walichofanya Ibrahimu na Sara. Tena kumbuka jina lenyewe. Ishmaeli maana yake ni "Mungu husikia", na kule jangwani maji yalipokwisha Mungu aliisikia sauti ya kijana. Kwa hiyo mtu akimwita mtoto wako Ishmaeli, hata kama anakusudia kukuchoma, amemwita mtoto anayesikiwa na Mungu.

Simhukumu mama huyo, kwa sababu nami niliwahi kukaa kwenye kiti chake. Miaka mingi iliyopita dada mmoja alinijia ofisini akitaka ushauri juu ya mtoto wa kiume wa miaka 2. Nilimwambia kwa upole asubiri kwanza Bwana amjalie mume, ndipo waombe mtoto pamoja. Sikuwa na andiko, nilikuwa na mazoea tu, nikayavika sauti ya kichungaji. Alinitii. Alipoolewa, baada ya miaka 5, mtoto yule alikuwa ameshahamishwa mara mbili. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, lakini mtoto sikuweza kumwomba msamaha. Ndiyo maana jibu hili nimeliandika kwa uangalifu.

Unataka andiko? Tazama aliyemtoa Musa majini. Kutoka 2:10 inasema "akawa mwanawe", na katika habari nzima mume wa binti Farao hatajwi. Tazama Mordekai, ambaye Esta 2:7 inasema alimtwaa binti asiye na baba wala mama akawa binti yake. Mke wa Mordekai naye hatajwi. Sijengi fundisho juu ya kunyamaza kwa Biblia. Nasema tu kwamba Mungu aliliokoa taifa mara mbili kupitia watoto waliolelewa na wasiowazaa, na hakusimama kutueleza hali ya ndoa ya walezi hao.

Historia ya kanisa nayo ina watu wako. Makrina, dada yao maaskofu Basili na Gregori wa Nisa, alifiwa na mchumba akiwa kijana, akachagua kutoolewa. Njaa ilipoipiga Kapadokia (Uturuki ya leo) katika karne ya 4, aliwaokota mabinti waliokuwa wametupwa njiani, akawalea. Alipofariki mwaka 379, Gregori anaandika, hao ndio waliolia kwa uchungu kuliko wengine, wakimwita mama. Mary Slessor, mmisionari kutoka Uskoti, alifika Calabar (Nigeria ya leo) mwaka 1876, hakuolewa maisha yake yote, na nyumba yake ikajaa watoto, wakiwemo mapacha waliokuwa wametupwa porini. Hadi anakufa mwaka 1915 walikuwepo waliomwita mama.

Mlango wa ndoa haukufungwa. Atakayekuja atakuja kwenye nyumba ya watu wawili, na ni vema alijue hilo tangu siku ya kwanza. Kama mtoto atamfanya arudi nyuma, basi umelijua mapema lililokupasa kulijua. Asipokuja, Paulo anaita kutooa karama, na karama haina haja ya kuombewa radhi.

Ila sitakudanganya juu ya baba. Mtoto wako ana pengo hapo, na litaongea. Watu watakushauri umwambie "Mungu ndiye baba yako" ili mambo yaishe. Ni kweli, Zaburi 68:5 inamwita Mungu "Baba wa yatima", lakini zaburi si kifuniko cha kumfunika mtoto mdomo. Akiuliza baba yuko wapi, mwambie unachokijua kwa kipimo cha umri wake, na usichokijua sema hujui. Mwache alie. Baada ya kulia ndipo mweleze habari za Baba wa mbinguni. Waombe pia ndugu zako wa kiume na wazee waaminifu wa kanisa wawepo maishani mwake waziwazi, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye siku yake ya kuzaliwa, kwa uangalifu ule ule unaohitajika kwa mtoto yeyote.

Usimfiche asili yake. Musa alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe kwa mshahara wa binti Farao, na alipokuwa mtu mzima aliwatambua ndugu zake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Kama kituo kilikupa picha au karatasi yoyote ya siku alipopokelewa, itunze kama unavyotunza cheti chako cha ubatizo. Na umwombee aliyemzaa, kwa sauti, mtoto akisikia. Huenda hilo ndilo litakuwa sala ngumu kuliko zote kwako.

Nimebakiza kusinzia kwako na Biblia. Dada, mambo ya Bwana ni yapi? Katika Mathayo 18:5 Yesu anasema, "Na yeyote atakayempokea mtoto mmoja mfano wa huyu kwa jina langu, anipokea mimi." Sare uliyoifua saa nne usiku umemfulia yeye. Paulo katika 1 Wakorintho 7 hakuwa anapima saa za ibada. Alitaka moyo usigawanyike. Moyo unaweza kugawanyika kwenye mkesha, na unaweza kuwa mzima kabisa mbele ya daftari la hesabu. Hata hivyo usiache kusali, kwa sababu nguvu za kumjibu mtoto mara ya mia moja hazitoki kwako. Punguza tu urefu. Zaburi moja asubuhi kabla hajaamka, hata aya tatu. Usiku, sali palepale kitandani kwake, kwa sauti, sentensi nne au tano, ulitaje jina lake. Mordekai alikuwa akitembea kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili ajue hali ya Esta. Hatuambiwi kwamba aliweza kuingia. Kutembea kule, kila siku, kulikuwa ibada yake, naamini hivyo kwa moyo wote.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na kwa mzazi aliye peke yake halifai kuahirishwa. Ukifa, nani atampokea? Yesu akiwa msalabani, katikati ya maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, akisema na kila mmoja wao, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Chagua mtu, au mume na mke unaowaamini, uwaombe, wakikubali liandikwe kwenye wosia mbele ya mwanasheria, nao waanze kuzoeana na mtoto sasa. Akija kuuliza, na huyu atauliza, umwambie ni kina nani.

Siku amri itakapotoka, niandikie jina lake kamili kama litakavyosomwa na hakimu. Nataka nilitaje hivyo hivyo katika sala.