Stima ikipotea katikati ya apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu)

Pole sana ndugu uliyeuliza kuhusu laptopu yako ya Ubuntu, na jinsi ya kusakinisha kwenye mashine nyingine za saiba yako. Stima kupotea Kondele wakati LibreOffice (programu za ofisi) inasakinishwa hakujaharibu hiyo laptopu, kwa hivyo usiifute Ubuntu yote kama mwingine alivyokushauri. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike:

sudo dpkg --configure -a

Hiyo inamalizia vifurushi (faili zinazobeba programu) vilivyofunguliwa ila havijapangwa. Ikilalamika kuhusu vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji), fuata na sudo apt-get -f install. Data uliyotumia haijapotea: vifurushi vilivyokwisha kushuka viko /var/cache/apt/archives na havipakuliwi upya.

Ukikutana na ujumbe wa "Could not get lock", tafadhali usifute faili ya lock (kufuli) kwa amri ya rm, hata kama video nyingi zinafundisha hivyo. Kufuli hilo lina maana kuna programu nyingine inaandika kwenye rekodi za vifurushi, mara nyingi masasisho ya kiotomatiki baada ya kuwasha mashine. Ngoja yamalize. Ukilazimisha, programu mbili zitaandika pamoja, na hapo ndipo mambo huharibika kweli.

Kuhusu zile mashine nyingine za saiba, usipakue mara mbili. Sakinisha kwa apt-get, si apt, kwa sababu apt hufuta faili za .deb (vile vifurushi vilivyopakuliwa) ikimaliza, ilhali apt-get huziacha. Zinakili kutoka /var/cache/apt/archives hadi kwenye flashi, halafu kwenye mashine yenye toleo lile lile la Ubuntu, ingia folda hiyo uandike sudo apt install ./*.deb. Kikikosekana kitu, itapakua hicho tu.