Azbuka ya Tolstoy: nitajuaje ni ya mwaka gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Marehemu baba alisoma Moscow miaka ya 1970. Katika vitu vyake nimekuta kitabu cha Kirusi cha kufundishia watoto kusoma. Jalada la mbele limetoka na ukurasa wenye jina la kitabu haupo. Rafiki aliyekiona anasema ni Azbuka (yaani kitabu cha alfabeti) ya mwandishi Leo Tolstoy ya 1872, adimu na ghali. Kirusi nakisoma kidogo: maneno mengi yanaishia na herufi ъ, na ndani mna hadithi ya Filipok na ya dubu watatu. Nitathibitishaje mwaka wake?

JIBU: Pole sana kwa kufiwa na mzee. Kitabu ulicho nacho si cha 1872, na umelijibu swali mwenyewe ulipotaja hizo hadithi. Filipok na dubu watatu waliingia kwenye Azbuka Mpya, ambayo Tolstoy aliitoa 1875.

Azbuka ya kwanza, ile ya 1872, ilichapishwa St. Petersburg kwa vitabu vinne, nakala 3,600 hivi, bei ruble 2 kwa vyote. Ndani yake mna hadithi fupi, masomo ya Kislavoni cha Kanisa (lugha ya ibada ya Waorthodoksi wa Urusi), hesabu na maelekezo kwa mwalimu. Hadithi ya mfungwa wa Kaukazi imo katika kitabu cha nne. Tolstoy alikuwa ameshamaliza riwaya yake Vita na Amani, lakini Januari 1872 alimwandikia ndugu yake kwamba vizazi viwili vya watoto wa Urusi, wa mfalme na wa mkulima, wakijifunzia Azbuka hii peke yake, yeye atakufa kwa amani. Walimu wengi waliipinga, ikadoda. Nakala zilizobaki zikafumuliwa na kuuzwa kama vijitabu 12, kwa hiyo mwenye kijitabu chembamba asikidharau: huenda karatasi zake ni za 1872 kweli.

Azbuka Mpya ilikuwa kitabu kimoja, bila sehemu ya hesabu, kwa kopeki 14 tu (kopeki 100 ni ruble moja). Wizara ya elimu iliikubali shuleni, ikachapwa upya zaidi ya mara 20 mwandishi akiwa hai. Ndiyo maana nakala ya Azbuka Mpya peke yake haitoshi kuitwa adimu. Kinachoipa thamani ni toleo lake na hali yake, maana vitabu vya darasa la kwanza huishia mikononi mwa watoto.

Hiyo ъ isikupotoshe. Mageuzi ya tahajia ya 1918 yaliiondoa mwishoni mwa maneno, kwa hiyo inaonyesha tu kwamba maandishi yalipangwa kwa tahajia ya zamani. Kitabu kilichopigwa picha na kuchapwa upya juzi juzi nacho kitakuwa nayo. Tazama karatasi: nyeupe pe, laini, isiyo na alama ya herufi kukandamiza upande wa pili, mimi ningeitilia shaka.

Tafuta namba ya toleo, bei, au mstari wenye tarehe wa ruhusa ya udhibiti, yaani idhini ya serikali ya kuchapa kitabu. Wakati mwingine hukaa jalada la nyuma au chini ya ukurasa wa mwisho.

Tafadhali usikibandike gundi ya utepe wala kukipeleka kujalidiwa upya. Kurasa zilizotoka ziache katika mpangilio wake, ndani ya karatasi isiyo na asidi. Maandishi ya penseli ya watoto usiyafute. Kwangu mimi hayo ni sehemu ya kitabu. Nitumie picha ya ukurasa wa mwisho na ya jalada la nyuma, hata kama vimechanika.