Dogo Akianza Ligi ya Huku Mnamtazama Wapi? Jibu kwa Ndugu zangu wa Nkuhungu

Mbukwenyi ndugu zangu. Shikamoo Shemeji, shikamooni wazee wa kijiwe. Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na bodaboda zinazopita na yule anayelalamika nyuma kwamba mkeka wake umechanika dakika ya mwisho. Mpeni pole.

Mmeuliza hivi: kwa kuwa naishi Birmingham, mji wa Aston Villa, niwaambie kama mechi ya kwanza ya kijana kwenye ligi kubwa ya huku inatosha kujua kwamba ataweza. Ndani ya swali hilo kuna lingine ambalo Shemeji amelisema kwa sauti ya chini. Mpwa wangu ana miaka 17, kuna mtu anayejiita wakala ameona klipu ya magoli yake, amesema atampeleka majaribio England, na kiwanja chenu cha Ihumwa kimeanza kutafutiwa mnunuzi ili kulipia gharama hizo. Nitajibu yote mawili, na sitawaficha kitu.

Mechi ya kwanza haitoshi, hata mfungaji akiwa wetu. Tarehe 1 Februari 2020 Mbwana Samatta alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya England, Villa wakiwa wageni wa Bournemouth. Dakika ya 70 akafunga kwa kichwa. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, na hapohapo akawa Mtanzania wa kwanza kufunga. Simu za kutoka Dodoma ziliita mpaka chaji ikaisha, na kila aliyepiga aliniambia kazi imekwisha, Villa wamepata mtu. Sawa, goli lilikuwa zuri. Lakini aliyeangalia mechi nzima aliona na mengine: Villa walifungwa 2-1, na tangu mapema kipindi cha pili Bournemouth walikuwa 10 uwanjani baada ya Jefferson Lerma kupewa kadi nyekundu. Mazingira hayo mshambuliaji hayapati kila Jumamosi.

Tarehe 1 Machi akafunga tena, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, mbele ya Manchester City. Villa wakafungwa 2-1 vilevile. Msimu ulipokwisha, hesabu yake ya ligi ilisomeka mechi 14, goli 1. Lile la Bournemouth.

Hapo nyumbani mkagawanyika, wengine wakasema alirogwa, wengine wakasema kocha hamtaki. Mimi naona jambo lilikuwa la kawaida kuliko hivyo. Villa walimchukua Januari kwa sababu mshambuliaji wao, Wesley, aliumia goti siku ya mwaka mpya, na timu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Timu ya namna hiyo inakaba muda mwingi. Mshambuliaji anabaki mbele peke yake na mabeki wawili, mpira unamfikia juu juu, na anatakiwa aushike mpaka wenzake wapande. Samatta ni mtu wa kukimbilia nafasi na kumalizia krosi. Halafu corona ikasimamisha ligi kuanzia Machi hadi Juni. Villa walinusurika siku ya mwisho wakiwa nafasi ya 17, na Septemba yeye akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Wenzangu kazini, ambao Villa kwao ni kama Yanga kwa Shemeji, hawakuwahi kumsema vibaya kama mtu. Walichosema ni kwamba mpira haukai kwake. Hilo ndilo lililoamua, na kwenye klipu ya goli halionekani.

Tena huyo hakuwa dogo. Alikuwa na miaka 27, amepita African Lyon, Simba na TP Mazembe, amebeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, amekaa Genk miaka minne na kuchukua ubingwa wa Ubelgiji 2019, na Novemba mwaka huohuo alikuwa amewafunga Liverpool palepale Anfield. Kama mtu mwenye mzigo huo wa uzoefu hamkuweza kumsoma kwa siku moja, kijana wa miaka 18 mtamsomaje?

Huku watu wamejifunza kunyamaza kidogo. Mashabiki wa Villa wanamkumbuka Federico Macheda, mtoto wa miaka 17 aliyeingia kutoka benchi Old Trafford, Aprili 2009, akageuka na kuwafunga goli la tatu dakika za nyongeza, Manchester United wakashinda 3-2. Ilikuwa mechi yake ya kwanza. Baada ya hapo akazunguka timu nyingi na hakuwahi kuwa yule waliyemtangaza. Kinyume chake ni Patrice Evra: mechi yake ya kwanza United, Januari 2006 dhidi ya Manchester City, alisumbuliwa mpaka akatolewa mapumziko, wakafungwa 3-1. Mnajua alivyokuja kuwa beki wa kutegemewa pale United kwa miaka. Na Ethan Nwaneri wa Arsenal alipoingia dhidi ya Brentford Septemba 2022 akiwa na miaka 15, dunia nzima ikazungumza, kisha kwa misimu miwili hivi hakuonekana sana. Walikuwa wanamlea.

Sasa nianzie wapi kumtazama? Mimi naanza na saa na ubao wa matokeo. Kijana aliyeingizwa dakika ya 85 timu ikiongoza 4-0 amepewa zawadi. Aliyeingizwa dakika ya 60 timu ikiwa nyuma ameaminiwa, na hata akipoteza mipira mitatu, kocha ameshasema kitu juu yake. Kisha naacha kuufuata mpira, namfuata yeye. Kabla pasi haijamfikia, amegeuza shingo kutazama nyuma yake? Akipokea, mwili wake unaelekea goli la wapinzani au la kwake? Akinyang'anywa anasimama na kutupa mikono, au anageuka kukimbia kurudi? Huku kocha anaweza kumsamehe anayekosa goli, lakini anayetembea baada ya kupoteza mpira atakaa benchi mpaka asahau namba yake ya jezi.

Kuna suala la uwanja pia, na hili watu wa Dodoma tulitazame vizuri. Mpwa wangu amekulia chandimu kwenye vumbi la kiangazi, mpira unadunda ovyo, kwa hiyo amezoea kugusa mara ya kwanza kuutuliza na mara ya pili kuutengeneza. Huku nyasi hukatwa fupi na kumwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Unafika haraka, na beki anafika nao. Mguso wa pili hupewi. Kijana mwenye kipaji kutoka kwetu anaweza kuonekana mzito siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu, na baada ya miezi sita mazoezini akawa mtu mwingine. Anaweza pia kung'aa siku ya kwanza kwa sababu hakuna anayemjua. Subirini wapinzani wamtazame kwenye video, wajue anapenda kuingilia mguu gani, halafu mnipigie simu.

Niongeze na la kwetu sisi wabeba maboksi. Nilipotuma hela ya kwanza nyumbani, mlisema nimetoboa. Ilikuwa hela ya shifti za ziada za Krismasi. Januari zilipokatika nikawa nahesabu nauli, na mkaanza kuuliza kama nimebadilika. Mchezaji naye mnamfanyia hivyohivyo: mnasoma mshahara wa wiki, mnazidisha kwa shilingi, mnampangia nyumba za kujenga Iyumbu. Uingereza inakata kodi ya asilimia 45 kwa kipato kinachozidi pauni 125,140 kwa mwaka, bado wakala, bado nyumba, bado ndugu.

Turudi kwa wakala wenu. Sheria za FIFA zinakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, na tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya klabu za huku hazisajili mtoto wa nje mpaka afikishe 18. Hata akifikisha, kuna kibali kinachohesabiwa kwa pointi: mechi za timu ya taifa, kiwango cha ligi anayotoka, dakika alizocheza. Mtu asiyejulikana hata na kocha wa Dodoma Jiji atazitoa wapi pointi hizo? Wakala mwenye leseni jina lake limo kwenye orodha ya FIFA, mwulizeni awaonyeshe. Na klabu inayomtaka mchezaji haimwombi baba yake auze kiwanja. Gharama za majaribio inazibeba yenyewe. Najua Shemeji atasema nambania mtoto riziki. Hapana. Nataka acheze hapo, apate dakika za ligi yetu, aitwe timu za vijana za taifa. Novatus Miroshi alifika kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk msimu wa 2023/24, na alianzia kwenye ligi yetu hiyohiyo.

Kiwanja msiuze, na huyo mtu msimpe hata ya fomu. Dogo anitumie video ya mechi nzima, dakika zote 90, na ile waliyofungwa iwemo. Hapa mtaani kuna kocha wa timu ya vijana ninayefahamiana naye, ataitazama na kusema ukweli bila kudai chochote. Anayerekodi apande jukwaani, asikae nyuma ya goli, ili tuone dogo anafanya nini mpira ukiwa upande wa pili.