Kimbunga kinakuja na mzee hataki kuhama

SWALI: Shkamoo anti, mi niko Msimbati, Mtwara, redioni wanasema kimbunga kinakuja ila babu kagoma kutoka, eti Kenneth nacho kilitangazwa 2019 kikapita zake. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu anakumbuka vizuri, lakini Kenneth hakikupotea hewani, tarehe 25 Aprili kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma tu, kikabomoa nyumba na kuua watu, yani kingesogea kaskazini kidogo ingekuwa sisi. Mkumbushe na kimbunga cha Lindi 1952, kile kilipiga huku huku kwetu. Na kimbunga Hidaya, Mei 2024, mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar.

Mjukuu ndo anasikilizwaga, kaa nae umbembeleze, usimfokee. Hameni mchana kabla upepo haujaanza, nendeni shule au nyumba ya tofali iliyo mwinuko, mbali na bahari, paa la makuti haliwezi upepo ule. Dawa zake na vyeti tia kwenye ndoo yenye mfuniko, ngalawa ivuteni juu kabisa muifunge. Halafu upepo ukitulia ghafla msitoke jamani, inaweza ikawa jicho la kimbunga, unarudi tena na safari hii unavuma kutoka upande mwingine.