Muulize Fundi: Usiifunge Pampu ya Oili

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina Yamaha DT 175 niliyoachiwa na ami yangu. Inatoa moshi wa kuaibisha, nikipita mjini watu wanaziba pua, na plagi inaloa oili kila baada ya siku mbili tatu. Fundi mmoja hapa kaniambia pampu ya oili imechoka, niing'oe, nizibe tundu lake, halafu nichanganye oili kwenye tangi la petroli kama watu wa vespa. Mwengine kasema inataka kurekebishwa tu, lakini hana kitabu wala vipimo. Nimsikilize yupi?
— Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Msikilize huyo wa pili, lakini bisibisi usimpe bado.

Umeniandikia moshi, umeniandikia plagi, hukuniandikia oili ya giaboksi. Hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa zao. Kranki ya mashine yako imewekewa oili sili kila upande. Ile ya upande wa klachi ndiyo inayozuia oili ya giaboksi isiingie kwenye chumba cha kranki. Pikipiki ikishazeeka, mpira wa sili unakauka unakuwa kama kigae, basi kila pistoni inapopanda mashine inainyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Moshi wake ni mweupe mzito, na harufu yake kali, si ile harufu ya 2T, oili ya mashine za mipigo miwili, uliyoizoea. Kwa hiyo pima giaboksi leo, andika ulipoikuta, endesha wiki moja, upime tena. Ikiwa imeshuka na chini ya pikipiki hakuna tone lililodondoka, pampu yako haina kosa. Nunua sili.

Ikiwa giaboksi haikushuka, nieleze jambo la pili: moshi ni wa kutwa au ni wa asubuhi tu? Kama ni wa asubuhi tu, ukaenda mpaka nje ya mji ukakatika, basi usiku oili inachuruzika yenyewe kuingia ndani ya injini. Mwisho wa ule mpira unaopeleka oili kutoka kwenye pampu hadi kwenye injini pana kivalvu kidogo, kigololi na springi, kazi yake kuizuia oili isipite mashine ikiwa imezimwa. Uchafu ukikaa pale hakifungi sawasawa. Kisafishe kwa petroli safi, na kama hakishiki, badilisha. Moshi wa kutwa, mwendo wote, ndio unaotupeleka kwenye pampu.

Yamaha walianza kuweka pampu hii kwenye pikipiki zao mwaka 1964, mwaka ambao hapa kwetu una mambo yake mengine, wakaiita Autolube. Akili yake iko kwenye waya. Ule waya wa resi unaotoka mkononi, chini ya tangi unagawika mara mbili: mmoja unakwenda kwenye kabureta, mwengine unakwenda kwenye pampu. Ukivuta resi, kabureta inafunguka na hapo hapo kile kigurudumu cha pampu kinazunguka, na kipistoni kilichomo ndani kinapata nafasi ya kwenda mbali zaidi kila kinapopiga. Mashine ikikimbia, pampu nayo inakimbia, maana inazungushwa na kranki. Basi oili inafuata mwendo, na inafuata mkono wako vilevile.

Sasa mtu wa Pemba khasa ndiye asiyefaa kuifunga. Sisi wa Unguja barabara zetu ni tambarare, nyie mna vilima kila kona. Ukichanganya kwenye tangi, oili inaingia pamoja na petroli. Unateremka kilima kirefu, umefunga resi, gia imeshika, mashine inazunguka kwa kasi na petroli inayoingia ni ya kuonja tu. Oili nayo ni ya kuonja tu. Pampu, hata ukiwa umefunga resi kabisa, ina kile kiwango chake cha chini inachoendelea kukitoa. Huyo fundi aliyekwambia ung'oe hakukosea kwamba itatembea. Itatembea. Mimi nazungumzia itakavyorudi kutoka Chake Chake.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja, na nusu yake ni kusafisha. Osha upande wote wa kulia wa injini kwa brashi na petroli kabla hujagusa skrubu hata moja, kwa sababu punje ya mchanga ikiingia kwenye pampu ndiyo basi. Zile skrubu za kifuniko zimekaa na chumvi ya bahari miaka yote hiyo. Tumia bisibisi ya nyota inayoenea kwenye kichwa chake, uigonge kwa nyundo kidogo kwanza, ndipo uzungushe. Ukikivunja kichwa, usinilaumu.

Anza na kabureta. Weka sailensa yake sawa, yaani ule mwendo wa mashine resi ikiwa imefungwa, na ule waya wa resi uwe na ulegevu kidogo tu mkononi. Pampu inafuata kabureta, kwa hiyo ukianza na pampu utarudia kazi yote. Ikishatulia, vuta resi polepole mpaka ule ulegevu uishe, pale ambapo kabureta inataka kuanza kufunguka, ushike hapo hapo. Mtu wa pili atazame kile kigurudumu cha pampu: kina alama ndogo iliyochongwa ukingoni, na karibu yake pana kipini kilichosimama. Alama ikabiliane na kipini. Ikiwa imeshapita, waya umevutwa mno na pampu inamwaga oili; ikiwa haijafika, inatoa pungufu. Legeza nati ya kufungia kwenye kirekebishi cha waya, zungusha mpaka vikabiliane, funga nati, kisha vuta na uachie resi mara kadhaa uangalie tena. Ziko modeli ambazo alama inatazamwa resi ikiwa imevutwa yote. Kwa hiyo kitabu cha modeli yako ndicho kadhi, si mimi.

Mimi nadhani kwa moshi wako wa kutwa utaikuta alama imeshapita. Mara nyingi mtu amebadilisha waya akatia wa pikipiki nyengine, au alivuta waya kwa ajili ya kabureta akasahau kwamba huku chini pana ndugu yake.

Baada ya waya ndio kipimo cha chini, na hapa huyo fundi wako wa pili atahitaji fila geji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Acha mashine iungurume ikiwa sailensa, utazame mbele ya pampu: utaona kisahani kinatoka nje na kurudi ndani, taratibu, kama kinapumua. Zima mashine pale kilipotoka mwisho. Modeli za zamani zina kigurudumu kidogo cha plastiki cha kuzungusha pampu kwa mkono, inakuwa rahisi zaidi. Sasa ingiza kijani cha fila geji baina ya kisahani na kile kigurudumu cha waya, resi ikiwa imefungwa. Usilazimishe, kiingie kwa kusuguasugua kidogo, kama karatasi inavyopita chini ya mlango. Kwa Yamaha nyingi za enzi hizo kipimo ni milimita 0.20 hadi 0.25. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, fungua nati ya kisahani, uongeze washa, kile kipete chembamba cha chuma, nyuma yake, na oili itaongezeka. Ikiwa kubwa, punguza washa. Rudia kupima mara mbili tatu, kwa sababu kisahani hakisimami pale pale kila ukizima.

Mwisho, hewa. Ikiwa uliufungua mpira wowote au chombo cha oili kiliwahi kukauka, lazima utoe hewa. Pana skrubu moja kwenye mwili wa pampu yenye washa yake ndogo. Itoe, acha oili itiririke mpaka mapovu yaishe, uirudishe. Halafu tia kwenye tangi petroli kidogo iliyochanganywa na 2T, washa mashine iungurume kwa sailensa, na kwa kidole uuvute ule waya wa pampu mpaka mwisho dakika mbili tatu, huku ukiutazama mpira unaoingia kwenye injini. Moshi utajaa uwanja mzima, waombe radhi majirani. Povu likipita lote, achia, zima.

Hilo la hewa nasema kwa uchungu. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilirudisha mpira wa oili wa pikipiki ya mtu, nikafunga kifuniko, nikatoka nayo kuijaribu. Ilikwenda vizuri mpaka Mahonda, pale panaponyooka penye mashamba ya miwa. Nikaona inapunguza mwendo yenyewe, nikadhani petroli inakwisha, nikavuta resi zaidi. Gurudumu la nyuma likashika. Nikawahi klachi, kwa bahati, sikuanguka. Tulipofungua silinda, pistoni ilikuwa na mikwaruzo upande wa eksozi kana kwamba mtu ameiparua kwa msumeno. Ndani ya mpira palikuwa na povu la urefu wa kidole. Bosi wangu hakunigombeza. Alinikata mshahara wa miezi miwili kulipia pistoni, ringi na kuchonga silinda, na ule mpira akaufunga juu ya meza yangu nikawa nautazama kila siku.

Pampu ikitoa nyingi, watu watakuzibia pua. Ikitoa kidogo haisemi kitu, pikipiki inakuwa nyepesi, safi, unaifurahia, mpaka inoki. Kwa hiyo ukishamaliza, kila unapojaza petroli piga mstari wa kalamu kwenye chombo cha oili. Chombo kisichopungua ndicho cha kukutia wasiwasi.

SWALI: Shikamoo fundi. Vespa yangu ni PX haina chombo cha oili, nachanganya mwenyewe. Kila mtu ananipa kipimo chake, mmoja anasema kifuniko kimoja, mwengine kikombe cha kahawa. Kipi sahihi?
— Mwalimu wa skuli, Jambiani

JIBU: Marahaba mwalimu. Kikombe cha kahawa ni cha kahawa. PX isiyo na pampu inataka asilimia 2, yaani mililita 20 za 2T kwa kila lita moja ya petroli. Lita 5, mililita 100. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano, liwe la kazi hiyo tu. Wanaokwambia utie nyingi walisikia kwa babu zao: vespa za miaka ya 50 zilitaka asilimia 5, na kwa mashine zile ilikuwa sawa. Tia oili kwanza kwenye galoni, halafu petroli, utikise. Na ukiegesha usiku funga koki ya mafuta, usije ukaamkia kabureta imefurika.

SWALI: Fundi, nikikosa 2T naweza kutia oili ya gari, ile namba 40? Na shemeji yangu ana oili ya mashine ya boti, ananipa bure. Pikipiki yangu ni ya pampu.
— Mvuvi, Mkoani

JIBU: Ya gari, hapana. Ile imetengenezwa izunguke ndani ya injini miezi, haikutengenezwa ichomwe. Ukiichoma inaacha majivu kwenye plagi, kwenye ringi, na kwenye tundu la eksozi mpaka linaziba. Tena ni nzito, pampu inapata taabu kuivuta. Kopo lako liwe limeandikwa JASO FC au FD, alama za viwango vya oili ya mipigo miwili.

Ya boti ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu nayo ni ya mipigo miwili na inanukia vizuri. Itazame kopo lake, utakuta TC-W3. Hiyo ni ya injini inayopozwa kwa maji, ina bahari nzima ya kuipoza. Pikipiki yako inapozwa kwa upepo, na mchana wa kaskazi ikipanda kilima na watu wawili inachemka kuliko boti yoyote. Ukishikwa njiani siku moja, tia ufike nyumbani polepole. Ya kila siku mrudishie shemeji yako.