Jibu: Kupeleka wanafunzi Kilimanjaro mwezi Julai

Habari za kazi, Mwalimu. Umeeleza kwamba unataka kuwapeleka wanachuo wako kwenye vijiji vya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mwezi Julai wakapande miti, na kwamba uongozi wa kijiji haujajibu barua yako. Kabla ya kuandika nyingine, angalia kwanza msimu: masika huwa yamekwisha na vuli husubiriwa hadi Oktoba hivi, kwa hiyo mche utakaopandwa Julai utabaki mzigo wa mwenyeji, atakayeubebea maji ninyi mkiwa mmekwisha kuondoka. Sishangai kwamba wamenyamaza.

Kwa uzoefu wangu wa kupeleka vikundi huko, swali linalojibiwa haraka ni msaragambo ujao, yaani siku ya kazi ya pamoja ya kijiji, ni lini na ni wa kazi gani. Kiangazi mara nyingi huwa ni kuzibua mifereji ya asili inayopeleka maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na hapo vijana watakabidhiwa majembe na kuzoa tope na majani ya migomba yaliyooza, wakielekezwa na wazee wanaojua zamu ya kila kaya. Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji, na malipo ya malazi na chakula majumbani yakubaliwe mapema. Mkiitaka miti bado, jazeni udongo viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, kitaluni kwa ajili ya vuli.