Kreatinini ya Mtoto Haisomwi Bila Urefu Wake

Karatasi ya majibu ya maabara, iwe ya Kisumu, Kakamega au Nakuru, huwa na safu tatu: kipimo, jibu, na kiwango cha kawaida. Hiyo safu ya tatu ndiyo inayowapoteza wazazi, kwa sababu mara nyingi kiwango kilichochapwa pale ni cha mtu mzima. Mtoto wa miaka 5 mwenye kreatinini ya 90 anapita bila alama yoyote, maana mwanamume mzima anaruhusiwa kufika karibu 105. Kumbe figo za mtoto huyo zinafanya kazi chini ya nusu.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye misuli mingi hutoa nyingi, mtoto mdogo hutoa kidogo, kwa hiyo namba peke yake haisemi kitu mpaka ujue ukubwa wa mwili. Hesabu inayotumika kliniki ni ile ya Schwartz, iliyorekebishwa mwaka 2009, na unaweza kuifanya kwa simu yako: chukua urefu wa mtoto kwa sentimita, zidisha kwa 36.5, kisha gawanya kwa kreatinini. Mtoto wetu ana sentimita 110. Mara 36.5 inakuwa 4,015. Gawanya kwa 90, unapata karibu 45. Hicho ndicho kiwango cha kuchuja, kwa mililita kwa dakika, na kuanzia umri wa miaka 2 hivi figo nzima hupaswa kuzidi 90. Mwenzake mwenye urefu uleule na kreatinini ya 40 anapata 100, yuko salama.

Angalia jibu limeandikwa kwa kizio gani kabla ya kugawanya. Hesabu hiyo inataka mikromoli kwa lita. Ukiona jibu dogo lenye nukta, kama 0.6, hiyo ni miligramu kwa desilita. Izidishe kwanza kwa 88.4.

Na urefu upimwe, usikisiwe. Vua viatu, visigino vigusane na ukuta, macho yatazame mbele, na kama msichana amefungwa fundo la nywele utosini, lifunguliwe au libonyezwe mpaka ubao uguse kichwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 apimwe akiwa amelala. Rudia kila miezi 3. Urefu wa mwaka jana ukitumika kwa kreatinini ya leo, figo zitaonekana mbovu kuliko zilivyo.

Kuna mahali ambapo hesabu hii haifai kabisa. Mtoto aliyelazwa kwa malaria kali au kuharisha anaweza kuumia figo leo na kreatinini isipande mpaka kesho au kesho kutwa. Siku hizo kinachoangaliwa zaidi ni mkojo unaotoka na mwelekeo wa namba. Mtoto aliyedhoofika hana misuli, hivyo kreatinini yake huwa chini na kudanganya kwamba figo ni nzima. Anayesafishwa damu kwa mashine naye usimpigie hesabu hiyo.

Mambo mengine yanaipandisha bila figo kuguswa. Nyama iliyopikwa, ikiliwa kwa wingi usiku wa kuamkia kipimo, ni mojawapo. Septrin ni nyingine: dawa iliyo ndani yake huzuia kreatinini isitolewe kwenye mkojo, na huongeza potasiamu, madini ya kwenye damu, pia. Mwambie daktari kama mtoto anaitumia, usiiache kwa uamuzi wako. Halafu mashine hutofautiana. Njia ya zamani ya kupima, ambayo maabara nyingi bado zinaitumia kwa sababu ni nafuu, huvurugwa na sukari nyingi, umanjano na baadhi ya dawa za sindano, na kwenye namba ndogo za watoto kosa dogo ni kubwa. Chagua maabara moja na ushikamane nayo. Wazazi wengi huhama kwa kufuata bei, kisha tofauti ya mashine inageuka habari njema au mbaya isiyokuwepo.

Kwa watoto wenye seli mundu, ambao ukanda wa ziwa unao wengi, kreatinini haifai hata kidogo kama kengele ya kwanza. Figo zao huanza kwa kuchuja kupita kiasi, na mirija ya figo huitoa kreatinini kwa kasi, kwa hiyo jibu hubaki zuri kwa miaka huku uharibifu ukiendelea. Kinachotangulia ni albumini, aina ya protini, kwenye mkojo. Omba kipimo cha uwiano wa albumini kwa kreatinini mara moja kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 10; chini ya miligramu 3 kwa milimoli ni sawa. Kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo hakitoshi hapa, kwa sababu mkojo wao ni mwepesi na albumini kidogo huyeyukia humo isionekane. Wala usipime wakati wa maumivu au homa.

Kijiti kina mahali pake, nako ni nyumbani kwa mtoto mwenye nefrotiki, ugonjwa wa figo kuvujisha protini, yule anayeamka uso umevimba na mkojo una povu. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chovya kijiti mara moja na kukitoa, kwangua ukingo wake kwenye mdomo wa kikombe ili matone yasihamishe rangi kutoka kiraka kimoja hadi kingine, kishike kikiwa kimelala, na usome protini baada ya sekunde 60 kwenye mwanga wa mchana. Ukisoma baada ya dakika tano rangi imeshaendelea kubadilika, utaona ugonjwa usiokuwepo. Chupa ifungwe papo hapo. Kifuniko chake kina kikausha unyevu, na chupa inayoachwa wazi jikoni karibu na sufuria inayochemka huharibika haraka. Usiiweke kwenye friji.

Andika tarehe, jibu, uzito, dozi ya prednisolone (dawa ya ugonjwa huo), na kama kuna homa au mafua. Alama tatu (+++) au zaidi za protini kwa siku tatu mfululizo ni kurudi kwa ugonjwa: piga simu kliniki siku hiyo. Hasi au rangi hafifu tu (trace) kwa siku tatu mfululizo ni nafuu kamili. Alama mbili wakati wa homa, zikatoweka baada ya siku mbili, kwa kawaida ni homa yenyewe. Kliniki ikitaka namba kamili, uwiano wa protini kwa kreatinini katika mkojo uleule wa asubuhi unatosha: chini ya miligramu 20 kwa milimoli ni kawaida kwa aliyepita miaka 2, 200 kwenda juu ni kiwango cha nefrotiki. Kukusanya mkojo wa saa 24 kwa mtoto ni adhabu kwa mama.

Potasiamu nayo hudanganya, ila uongo wake usiupuuze. Mtoto analia, mshipa ni mwembamba, kidole kinakamuliwa, chembe za damu zinapasuka na kumwaga potasiamu yake kwenye sampuli. Vivyo hivyo damu iliyotolewa zahanati ya mbali ikasafirishwa saa nyingi kwenye barafu kabla ya kutenganishwa. Jibu la 6.5 lirudiwe mara moja kwa damu ya mshipa huku moyo ukipimwa kwa ECG, na mtoto abaki hospitalini mpaka la pili litoke.

Kwa mtoto aliyepandikizwa figo, sahau kiwango cha kawaida kabisa. Mtoto mdogo aliyepewa figo ya mtu mzima ana akiba kubwa, kreatinini yake inaweza kukaa 25. Ikifika 35 maabara haitaweka alama, lakini imepanda kwa asilimia 40, na mwili huenda umeanza kuikataa figo. Andika namba ya msingi kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki kwa kalamu nene, na kila jibu liwekwe kando ya hiyo.

Kipimo kinachoharibika zaidi ni cha takrolimusi, dawa inayozuia mwili usiikatae figo mpya, na chanzo huwa ni safari. Damu yake itolewe saa 12 baada ya dozi ya jioni, kabla ya ile ya asubuhi. Familia inatoka Kitale au Busia alfajiri kwenda Eldoret, ambako hospitali ya rufaa ya Moi hupandikiza figo, na mama kwa hofu ya kukosesha dozi anampa mtoto dawa kwenye matatu. Jibu linatoka juu, dozi inapunguzwa, na figo inabaki bila kinga. Beba dawa, mpe mara tu damu ikishatolewa, na mwambie mhudumu aandike saa ya dozi ya mwisho kwenye fomu. Mtoto akiharisha, kiwango hupanda. Erythromycin, clarithromycin, fluconazole na balungi hukipandisha pia. Rifampicin ya kifua kikuu na dawa kadhaa za kifafa hukishusha vibaya. Hizi za kwanza kemisti anaweza kukupa bila kuuliza, basi taja takrolimusi kabla hajafika rafu.

Kusanya viwango vya takrolimusi vya miezi sita uvitazame pamoja. Vikirukaruka zaidi ya asilimia 30 kuzunguka wastani wao, hiyo yenyewe ni dalili ya hatari kwa figo hata kama kila kimoja kimo ndani ya lengo. Sababu huwa dozi zilizorukwa, dawa ya kampuni iliyobadilishwa, au saa za kula zisizotabirika.

Vipo vipimo vipya. Kistatini C, protini ya kwenye damu, haitegemei misuli, hivyo inamfaa mtoto aliyedhoofika, ingawa prednisolone na tezi ya shingo huipotosha. NGAL, protini nyingine inayopimwa kwenye mkojo, hupanda saa chache baada ya figo kuumia, lakini maambukizi ya mkojo huipandisha vilevile. DNA ya mtoaji inayoelea kwenye damu huonyesha figo mpya inaposhambuliwa, na kwa sasa usiingie gharama ya kuisafirisha nje isipokuwa daktari wa figo akuambie jibu litabadilisha uamuzi gani. Fedha hiyo ikanunue kreatinini ya kila mwezi, kipimo cha takrolimusi kilichotolewa damu kwa saa yake, na mashine ya presha yenye mkanda unaolingana na mkono wa mtoto, kwani mkanda mpana hushusha namba ya presha na mwembamba huipandisha.